Kabla ya kudai urithi wa epijenetiki, chora kalenda ya seli za uzazi

Ukipanga jaribio la urithi wa epijenetiki (alama zinazoongoza utendaji wa jeni bila kubadili DNA yenyewe, zikipita hadi kwa watoto) kwa panya, au ukisoma tu taarifa kwamba lishe ya babu imeacha alama kwa mjukuu, anza na swali moja: siku mnyama alipopewa dawa au chakula hicho, seli zitakazozaa kizazi kijacho zilikuwa wapi, na zilikuwa zikifanya nini? Madai mengi huanguka hapo hapo, kabla hata ya kufika kwenye takwimu.

Kwa panya mdogo wa maabara, mimba huchukua siku 19 hadi 20, na adhuhuri ya siku kizibo cha shahawa, ishara ya kupandana, kinapoonekana ukeni huhesabiwa kuwa siku ya 0.5. Karibu na siku ya 6.25 seli chache za kiinitete huwasha jeni ya Prdm1. Siku ya 7.25 tayari lipo kundi la seli kama 40, ndizo seli tangulizi za uzazi. Hizi husafiri kupitia utumbo wa nyuma hadi kwenye gonadi (korodani au ovari za baadaye), zinakoanza kufika siku ya 10.5 hivi. Huku zikiongezeka, zinapoteza methili ya DNA, alama ndogo za kikemia zinazobandikwa juu ya DNA: kutoka takriban asilimia 70 kwenye kiinitete cha siku ya 6.5 hadi chini ya asilimia 10 siku ya 13.5. Sehemu kubwa hupotea kwa sababu protini ya UHRF1, inayosaidia kunakili methili kila seli inapogawanyika, huzuiwa, hivyo alama zinapungua kwa kila mgawanyiko. Nyingine huondolewa kwa msaada wa vimeng'enya vya TET1 na TET2. Hata alama za jeni zinazokumbuka zimetoka kwa mzazi yupi hufutwa. Zinazobaki ni chache, hasa kwenye virukaji vya DNA (vipande vinavyoweza kujichomeka mahali pengine) vya kundi la IAP.

Kuanzia hapo dume na jike hawaendi pamoja tena. Kwa dume, methili mpya huanza kuandikwa kama siku ya 14.5, na kazi kubwa huwa imekwisha anapozaliwa. Kwa jike, seli huingia kwenye meiosisi (mgawanyiko unaozaa mayai) zikiwa karibu tupu, na methili huandikwa baada ya kuzaliwa, yai linapokua. Kwa hiyo ukimnyima mama chakula wiki ya mwisho ya mimba, kwa vijusi vya kiume umegusa wakati wa kuandika, kwa vya kike umegusa wakati hakuna kinachoandikwa. Ukichanganya data za jinsia hizo mbili, umechanganya majaribio mawili.

Mfano mzuri ni utafiti wa panya uliotoka 2014, ambapo mama walipunguziwa chakula kuanzia siku ya 12.5 hadi 18.5. Mbegu za kiume za watoto wao zilikosa methili katika sehemu kadhaa za jenomu. Lakini tofauti hizo za methili hazikuonekana tena kwenye tishu za wajukuu katika mwisho wa mimba, ingawa utendaji wa baadhi ya jeni jirani ulikuwa umebadilika. Yaani alama iliandikwa kwenye mbegu, kisha haikuvuka ilivyo.

Hesabu ya vizazi nayo hutegemea kalenda hii. Mama mjamzito akipewa dawa, wameguswa watatu kwa mpigo: yeye mwenyewe, kijusi, na seli za uzazi zilizomo ndani ya kijusi. Mjukuu, F2, ametoka kwenye seli iliyoguswa moja kwa moja, kwa hiyo ushahidi wa urithi wa kupita vizazi unaanzia F3, yaani kitukuu. Baba, au jike asiye na mimba, akiguswa, unaanzia F2. Utafiti maarufu wa 2005 wa vinclozolin, dawa ya kuua ukungu mashambani, ulifuata ukoo hadi F4 kwa panya wakubwa, dozi ikiwa miligramu 100 kwa kilo kwa siku, kuanzia siku ya 8 hadi 15 ya mimba. Hesabu yake ya vizazi ilikuwa sahihi. Mzozo ulikuja pale maabara nyingine zilipojaribu kurudia na zisione athari iliyodaiwa.

Kwa njia ya baba, angalia pia ratiba ya korodani. Seli ya panya huchukua siku 35 hivi kutoka spematogonia (seli ya mwanzo korodanini) hadi mbegu kamili, kisha siku kama 10 kupita kwenye epididimisi (mrija mbegu zinamokomaa). Ukimpandisha dume wiki moja baada ya dozi, mbegu zilizotumika zilishatoka korodani zamani. Kama dai lako ni kwamba seli shina, zinazoendelea kuzalisha mbegu, zimebeba alama, acha dozi, subiri wiki 7 au 8, ndipo umpandishe.

Sasa mbegu zenyewe, mahali panapoharibu kazi nyingi kimya kimya. Mbegu moja ya panya ina RNA kiasi cha femtogramu 100. Seli ya kawaida ya mwili ina pikogramu 10 au zaidi (pikogramu moja ni femtogramu 1,000). Piga hesabu: seli moja ya mwili kati ya mbegu 100, na nusu ya RNA yako si ya mbegu. Ukishakata sehemu ya mwisho ya epididimisi, ziache mbegu ziogelee zenyewe kwenye nyuzi joto 37, zichukue, kisha zioshe kwa mmumunyo wa sabuni za maabara, SDS asilimia 0.1 na Triton X-100 asilimia 0.5 kwenye barafu ili seli za mwili zipasuke. Tazama kwa hadubini, na rudia kuosha ukiona hata kiini kimoja cha duara. RNA safi ya mbegu haina vilele viwili vikubwa vya 18S na 28S, yaani RNA za ribosomu zinazojaa kwenye seli za mwili. Ukiviona, usiipeleke kusomwa.

Wengi hupima usafi kwa methili ya H19 pekee, jeni ambayo alama yake hutoka kwa baba. Kwa kazi ya DNA inafaa: eneo lile linapaswa kukaribia asilimia 100 kwenye mbegu, na Peg3, ambayo alama yake hutoka kwa mama, kukaribia sifuri. Kwa kazi ya RNA haitoshi hata kidogo. Uchafu ule ule wa asilimia moja utaishusha H19 kutoka 100 hadi kama 99 tu, na hutautambua. Na usisahau DTT, kemikali ya kuvunja viungo vya salfa, unapotoa DNA: protamini, protini zinazokunja DNA ya mbegu, zimefungana kwa salfa, na bila DTT mbegu hazifunguki vizuri, hivyo DNA utakayopata itakuwa zaidi ya zile seli za mwili ulizotaka kuziepuka.

Panya wa Avy hutajwa kila mahali kama ushahidi wa methili kurithiwa. IAP iliyojichomeka juu ya jeni ya agouti, ya rangi ya manyoya, huwapa rangi kuanzia njano hadi kahawia, na mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba rangi ya mama huathiri ya watoto wake, ya baba hapana. Ila uchunguzi wa 2006 ulikuta methili yenyewe kwenye eneo lile hufutwa katika siku za mwanzo za kiinitete. Kinachovuka ni kitu kingine. Ukiandika kwamba Avy ni methili iliyorithiwa, mhakiki makini atakurudisha.

Mengine ni mafupi lakini usiyaruke. Idadi ya sampuli yako ni idadi ya uzao (kundi la watoto waliozaliwa pamoja), si ya watoto. Watoto 8 wa mama mmoja ni sampuli moja. Mama hubadili malezi kufuatana na dume aliyempanda, kwa hiyo rudia jaribio kwa utungisho wa maabara na mama wa kupandikiziwa. Usichanganye koo mbili za panya wa maabara, C57BL/6J na C57BL/6N: wa J wamepoteza sehemu ya jeni ya Nnt, na ukipima sukari tofauti hiyo itajifanya urithi wa epijenetiki. Kata kipande cha mkia wa kila mzazi aliyetumika na ukigandishe, ili siku ukiulizwa kama ni mabadiliko ya kawaida ya DNA uwe na cha kusoma.