Bei za zamani za hisa: gunia lilipimwaje, na nani alinunua?

Mkuu wa Tukuyu, nimesoma swali lako mara mbili. Umeuza parachichi, una milioni mbili, na dalali amekutumia majedwali mawili: la bei za hisa za benki ya CRDB tangu 2009, na la hisa nyingine ambayo umeandika "haishuki kabisa". Unataka kujua bei za nyuma zinakusaidia nini. Walionitangulia wamegawanyika. Wapo waliosema yaliyopita si ndwele, na yupo aliyekuchorea mstari unaopanda mpaka 2030. Mimi nauza spea za pikipiki Mwanjelwa, hisa nimeanza 2013, na bei za nyuma nazitumia kila ninapotaka kununua. Ila kwanza zilinitia hasara. Jibu ni refu, weka chai karibu, huko kwenu haikosekani.

Nianze na hiyo "haishuki", maana hapo ndipo nilipoungulia.

Mwaka 2016 nilikuwa na daftari la kuandika bei za kufungia soko kila siku. Kulikuwa na hisa moja, sitaitaja kwa sababu kosa lilikuwa langu, ambayo kwa miezi minane haikuongezeka hata shilingi wala kupungua. Nikajiambia hii imetulia kama maji ya Ziwa Ngosi, pesa ya ada ikikaa humu iko salama. Nikanunua za milioni moja na laki mbili. Januari ikaingia, shule zinafungua, nikampigia dalali: uza. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu nikapiga kwa hasira, binti wa watu akanijibu kwa upole: "Baba, hiyo bei unayoiona ni ya mtu wa mwisho aliyenunua. Na huyo ni wewe mwenyewe." Ada nikaenda kukopa kwa shemeji, na mpaka leo akinywa kidogo hunikumbusha.

Ndivyo soko letu linavyofanya kazi. Siku ambayo hisa ya kampuni haikuuzwa, ripoti ya Soko la Hisa la Dar es Salaam inarudia bei iliyokuwapo. Kwa hiyo mstari ulionyooka kwenye grafu una maana mbili tofauti kabisa: ama watu wengi wananunua na kuuza na wanakubaliana kwamba thamani ni hiyo, ama hakuna mtu sokoni. Ni kama kufika Uyole ukauliza gunia la viazi ukaambiwa elfu sabini, wakati tangu Jumatatu hakuna lori lililopakia. Elfu sabini hiyo si uongo, lakini si bei utakayouzia. Hata kampuni kubwa hukumbwa na hili. TBL, kampuni ya bia, ilikaa kwenye Sh 10,900 kwa miaka kadhaa, huku faida yake ikibadilika kila mwaka. Ukiitazama bei peke yake ungedhani miaka ile hakuna lililotokea.

Basi ukipewa jedwali la bei, usianze na bei. Anza na safu ya idadi ya hisa zilizouzwa. Soko hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa, ukitoa sikukuu unabaki na siku kama 250 kwa mwaka. Hesabu ni siku ngapi kati ya hizo idadi ni sifuri. Kisha tafuta thamani ya mauzo ya siku ya kawaida. Usichukue wastani, kwa sababu siku moja mfuko mkubwa wa uwekezaji ukiuza mzigo wake wastani wote unavimba. Zipange siku kuanzia ndogo hadi kubwa, uchukue ya katikati. Ikiwa siku ya katikati zinauzwa hisa za laki tatu, wewe na milioni mbili zako unahitaji soko zima likununulie wewe tu karibu wiki na nusu. Uko tayari kusubiri hivyo mtoto akiwa hospitali? Kama ndiyo, nunua. Tazama pia kwenye ripoti ya siku maombi ya kununua na ya kuuza yaliyobaki bila kutimizwa. Ukiona upande wa kuuza umejaa maelfu na wa kununua ni mtupu, umeshapata habari ambayo bei haijaisema.

La pili ni lumbesa. Wewe ni mkulima, hili huhitaji kufundishwa. Mtu akikwambia gunia la viazi lilikuwa bei fulani mwaka 2010 na leo ni bei fulani, swali lako la kwanza ni: gunia gani? La kawaida au la kuvimba kichwa? Hisa nazo hubadilika kipimo. Kampuni inaweza kuigawa hisa moja kuwa nyingi. Benki ya Equity ya Kenya ilifanya hivyo mwaka 2009, moja ikawa 10. Asiyejua akiona bei ya mwaka uliotangulia na ya baada ya hapo atapiga kelele kwamba benki imeanguka, kumbe mkate ni ule ule, vipande vimeongezeka.

Kwa CRDB, ambayo jedwali lake unalo mkononi, kuna jambo la 2015. Benki ilihitaji mtaji, ikawapa wanahisa wake nafasi: mwenye hisa tano anunue moja mpya kwa Sh 350. Tuseme sokoni bei ilikuwa Sh 400 (natolea mfano tu). Hisa zako tano zina thamani ya 2,000, umeongeza 350, jumla 2,350 kwa hisa sita, kila moja inatoka kama 392. Bei imeshuka lakini hujapoteza kitu. Aliyekaa kimya bila kununua ndiye aliyepunjwa, na wapo wengi walioliacha lile tangazo mezani. Mitandao mingine inayotoa bei za zamani huzirekebisha zote ziendane na kipimo cha leo, mingine inaacha zilivyokuwa. Ndiyo maana unaweza kukuta majedwali mawili ya hisa moja hayalingani, na yote ni sahihi. Muulize dalali lake ni lipi. Akibabaika, linganisha siku moja ya zamani na gazeti au ripoti ya soko ya siku hiyo.

Sasa gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, ambalo jedwali la bei halilionyeshi kabisa. CRDB iliuzwa kwa wananchi kwa Sh 150 mwaka 2009. Kwa faida ya mwaka 2022 ilitoa gawio la Sh 45 kwa hisa, ya 2023 Sh 50, ya 2024 Sh 65. Jumla 160. Toa kodi ya zuio ya asilimia 5, inabaki 152. Yaani aliyenunua mwanzoni na kutulia, magawio ya miaka mitatu tu yamemrudishia pesa yote aliyotoa, na hisa bado anazo. Kwenye jedwali lako hilo halipo. Kwa hiyo hesabu ya kweli ni: bei ya mwisho, jumlisha magawio yote mkononi, toa uliyonunulia na makato ya dalali, ndipo ugawanye kwa uliyonunulia.

Na hapo hapo kuna mtego ulionikamata tena 2018. Daftari la wanahisa, yaani orodha ya watakaolipwa, likishafungwa kwa ajili ya gawio, anayenunua baada ya hapo halipati, kwa hiyo bei hutarajiwa kushuka kiasi. Niliona imeshuka, nikadhani kuna watu wamenusa jambo baya, nikauza. Ukiona bonde dogo kwenye grafu kila mwaka majira yale yale, kabla hujaogopa angalia tarehe ya kufunga daftari.

Kuhusu yule aliyekuchorea mstari mpaka 2030, sipendi kugombana na watu mtandaoni, lakini ajaribu kuanzia mwaka tofauti aone. CRDB hiyo hiyo: ukianza 2009 ukaishia 2019, ilikuwa imeshuka chini ya Sh 150 walizonunulia watu mwanzoni. Miaka 10, bei imerudi nyuma, na katikati hapo shilingi nayo imeliwa. Desemba 2011 pekee mfumuko wa bei ulifika asilimia 19.8. Ukianza 2019 ukaishia mwisho wa 2024, imevuka 600. Hisa moja, hadithi mbili, na anayekuuzia atachagua inayomfaa. Mimi nikipewa grafu nauliza kwanza kwa nini imeanzia pale ilipoanzia. Waliouziwa Vodacom kwa Sh 850 mwaka 2017 hawakuwa hata na grafu ya kuuliza, kabla ya hapo bei ya sokoni haikuwapo.

Sasa nazitumiaje? Kwa mambo mawili. Natazama iliwahi kuanguka kiasi gani kutoka kileleni na ilichukua miaka mingapi kurudi, kisha najiuliza kama ningevumilia. Halafu kwa kila mwaka naichukua bei ya mwisho wa mwaka naigawa kwa faida ya kila hisa, ambayo imo kwenye taarifa za hesabu za kampuni. Hapo ndipo unajua ghali na rahisi. Hisa ya Sh 600 inaweza kuwa rahisi kuliko ilivyokuwa kwa 150, kama faida imekua kuizidi bei. Kwenye daftari langu safu hii ndiyo ninayoisoma kwanza siku hizi.

Ukirudi kwenye picha ulizobandika, jedwali la hiyo hisa "isiyoshuka" lina tarehe na bei tu. Mwambie dalali akutumie lenye idadi ya hisa na thamani ya mauzo, walau miaka mitatu, ulibandike hapa. Jumamosi nikifunga duka nitakaa nalo, tuhesabu sifuri.