Maswali ya Wasomaji: Nne ya Mwisho Katika Hesabu za Karafuu

SWALI: Mhariri, assalamu alaykum. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba. Nimejifundisha mwenyewe kuandika programu kwa lugha ya Python, bila ya mwalimu wala chuo, na msimu huu nilimwandalia ami yangu programu ya kutunza hesabu za karafuu zake. Siku moja niliingiza vipimo viwili vidogo, kilo 0.1 na kilo 0.2, na kompyuta ikaleta jumla ya 0.30000000000000004. Ami aliitazama skrini, akaniuliza hiyo nne ya mwisho imechumwa shamba gani. Sikuwa na jibu, na hapo nikatambua kwamba naitumia kompyuta bila ya kuijua. Je, nianzie wapi kuijua tangu chini kabisa, na ni lazima ninunue vifaa vya elektroniki?

JIBU: Waalaykumu salaam. Wengi wa hali yako hushauriwa waanzie kwenye umeme na transista (vijiswichi vya umeme vilivyomo ndani ya kompyuta), kisha wapande taratibu. Ushauri huo hatuukubali kwa mtu ambaye tayari ana programu inayofanya kazi, kwa kuwa atabeba nadharia ya miezi mingi asijue pa kuitua. Wewe unacho cha kuanzia, nacho ni hiyo nne, ifuate inakoteremka.

Katika hesabu zetu za kizio cha kumi, theluthi moja haiandikiki ikaisha: ni 0.333 na kuendelea. Kompyuta hutumia kizio cha mbili, chenye tarakimu 0 na 1 tu, na humo sehemu moja ya kumi ndiyo isiyokwisha. Usituamini, chukua karatasi. Zidisha 0.1 kwa mbili, andika tarakimu iliyo kabla ya nukta, iondoe, kisha uzidishe tena kilichobaki. Utapata 0.2, 0.4, 0.8, 1.6, 1.2, halafu utajikuta umerudi kwenye 0.4, na kuanzia hapo unazunguka tu. Tarakimu zako zitasomeka 0.000110011001100, na hazina mwisho. Kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, yaani kanuni ya kuandika namba ndani ya kompyuta, ambacho Python hukifuata karibu katika kila kompyuta, huipa namba kama hiyo nafasi ya biti 64 (kila biti ni 0 au 1), zenye usahihi wa tarakimu 53 za kizio cha mbili, na zinazozidi hukadiriwa. Kwa hiyo 0.1 uliyoiandika haikuhifadhiwa kamili, wala 0.2, na zilipojumlishwa tofauti hiyo ndogo ikajitokeza. Mwambie ami kwamba nne haikutoka shambani. Kisha uhifadhi vipimo vyake kwa gramu, kwa namba nzima, 100 na 200, na hutaiona tena.

Sasa teremka ngazi moja uulize: mashine inajumlishaje? Hapa tunatumia neno ngazi kwa makusudi, maana jibu limo kwenye taa ya ngazi ya nyumba ya ghorofa, yenye swichi moja chini na nyingine juu. Ukibonyeza yoyote kati ya hizo, hali ya taa hubadilika. Zihesabu swichi kuwa 0 na 1, na fundi akiwa ameziunga hivyo, taa itawaka zinapotofautiana tu, na hivyo ndivyo inavyopatikana tarakimu ya mwisho unapojumlisha biti mbili. Mwaka 1937 Claude Shannon, akiwa mwanafunzi nchini Marekani, alionyesha katika tasnifu yake kwamba mantiki ya George Boole ya karne ya 19 inaweza kutendwa na swichi za umeme. Jipe kazi ya kuchora, kwa kutumia lango la NAND peke yake (saketi ndogo inayotoa 0 pale tu mikono yake yote miwili inapopokea 1), saketi ya kujumlisha biti mbili pamoja na ile inayobebwa. Malango tisa yanatosha. Saketi nane za namna hiyo, yaani malango 72, hujumlisha baiti mbili, kila moja ikiwa na biti nane.

Kumbukumbu ifikirie kama bao. Bao letu lina mashimo 32; ukiyapa nambari kuanzia 0 hadi 31, biti tano zinatosha kulitaja shimo lolote, na hiyo ndiyo anwani. Tofauti ni kwamba katika kompyuta kusoma shimo hakupunguzi kete zake. Ukishaelewa kwamba amri za programu nazo hukaa katika mashimo yale yale, zikiwa namba kama vipimo vya karafuu za ami (mpango ulioelezwa katika ripoti ya mwanahisabati John von Neumann ya mwaka 1945), utakuwa tayari kuisoma lugha ya mashine bila ya hofu.

Ama vifaa, usinunue sasa. Andika kwa Python programu inayoiga mashine ndogo: orodha ya mashimo 32, kihesabu kinachoonyesha amri inayofuata, na amri nne tu, za kupakia, kujumlisha, kuhifadhi na kuruka. Ikishaweza kujumlisha gramu za vipimo viwili, tuandikie tena, na tutazungumza juu ya waya na transista.