Barua kwa mwanangu: yule mzee wa barabara yetu

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Picha ya sanamu ya Cardiff Bay imefika, pamoja na swali lako: "Baba, huyu Clive Sullivan ndiye wa barabara yetu?"

Ndiye, yule mchezaji wa raga. Wenzake wawili pale, wana raga pia, ni Billy Boston na Gus Risman, nao wana makubwa yao, ila mimi nina deni na huyu. Miaka yote ile naingia mji wa Hull, England, na lori kwa barabara ya Clive Sullivan Way, nikisema "shikamoo mzee" nanyi mkicheka nyuma, nilikuwa namwamkia mtu nisiyemjua.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa yadini, shabiki wa Hull Kingston Rovers. Siku moja tunasubiri kupakia, akanichorea mto unaoupasua mji, na timu zake mbili za raga, kwa chaki ubavuni mwa kontena. Magharibi Hull FC, weusi na weupe. Mashariki Rovers, wekundu na weupe. Akaniambia Sullivan alifungia Hull FC trai 250, yaani mabao ya raga, kisha mwaka 1974 akavuka mto, akawafungia Rovers 118. Nikamuuliza, hawakumchomea nyumba? Maana wewe babu yako unamjua: mtu atoke Simba aende Yanga, halafu apigiwe makofi Msimbazi na Jangwani! Mzee akasema kote walimpenda.

Na ni mtoto wa huko huko uliko, kazaliwa mtaa wa Splott, Cardiff, mwaka 1943. Utotoni alipasuliwa miguu na mabega, hata madaktari wakatia shaka kama atatembea sawasawa. Akaingia jeshini. Mwaka 1961 Hull FC wakamjaribu kwenye mechi, jina lake likafichwa, akafunga trai tatu. Wakamsajili chapuchapu. Wales iliwaachia weusi wengi wa aina yake waende kaskazini mwa England. Raga ya watu 15 ilikuwa hailipi, na milango yake kwa watu wa rangi yetu ilifunguka kwa shida. Ile ya watu 13, ya huko kaskazini, ililipa.

Mwaka 1972, Lyon, Ufaransa, fainali ya Kombe la Dunia la raga hiyo, Uingereza na Australia, yeye ndiye nahodha: mweusi wa kwanza kuongoza timu ya taifa ya Uingereza katika mchezo wowote. Aliuchukua mpira upande wa timu yake, akashika chokaa ya pembeni, hao Waaustralia nyuma, hawakumpata, akafunga trai. Ikaisha 10–10, na kombe likaenda kwa Uingereza kwa kuwa walifanya vizuri zaidi kwenye mechi za awali.

Mwaka 1980 Hull FC na Rovers walikutana fainali ya Kombe la Challenge, uwanja wa Wembley, London. Mji ulibaki mtupu. Kuna mtu aliweka bango njiani, wa mwisho kutoka azime taa. Rovers wakashinda 10–5, Sullivan akiwa na miaka 37. Mzee wangu akifika hapo husimulia upya tangu mwanzo. Miaka miwili baadaye Hull FC wakamwita tena kwenye marudio ya fainali ya kombe hilo na timu ya Widnes, wakalibeba.

Saratani ilimchukua mwaka 1985, ana miaka 42. Mwanawe Anthony naye akawa winga, timu ya St Helens.

Mama yako anasalimu, anauliza kama ule unga wa muhogo umepata. Na ukipita tena pale, nipigie picha nyingine. Hii umewakata miguu, nami nataka kuiona ya Sullivan.

Baba yako