Umefungwa Vyuma vya Meno? Mswaki Mara Mbili kwa Siku Hautoshi

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa msichana anayesoma chuo Dodoma. Ameandika: "Dada, nimefungwa vyuma wiki mbili zilizopita. Daktari kasema nipige mswaki kila nikimaliza kula. Hivi ni lazima? Mara mbili kwa siku haitoshi?"

Ujumbe umenikuta na kioo mkononi. Jumanne ya wiki iliyopita nilifunguliwa vyuma vyangu baada ya miezi 22, na tangu siku hiyo sipiti penye kioo bila kusimama. Meno yamenyooka, alhamdulillahi. Chonge la kushoto lililokuwa limempandia jirani yake tangu niko darasa la sita sasa limekaa kwenye mstari. Lakini meno manne ya mbele ya juu yana alama nyeupe, weupe wa chaki, na kila alama imezunguka pale palipokuwa na kipande cha chuma kama fremu inavyozunguka picha. Hazikuwapo kabla. Nilizipata katika miezi mitano ya mwanzo, na katika miezi hiyo nilikuwa napiga mswaki asubuhi na usiku bila kukosa hata siku moja.

Kwa hiyo, mdogo wangu, haitoshi. Naomba unisikilize.

Mimi nimelelewa Tanga, kwenye nyumba ambayo usafi wa kinywa ni adabu. Bibi alikuwa na kijiti chake cha mti wa mswaki, hakiachi, na sisi wajukuu hakuna aliyepanda kitandani hajasafisha meno. Nilipofungwa vyuma nikiwa na miaka 27, jambo la mswaki halikunitia wasiwasi hata kidogo. Niliogopa maumivu na niliogopa kuchekwa. Mswaki niliona naujua.

Kliniki iliyonifunga sitaitaja. Nililipa milioni mbili na laki nane kwa awamu, fedha niliyoidunduliza kwa mshahara wa mhasibu. Siku ya kufungwa walinigandishia vipande vya chuma kwenye meno ya juu, wakapitisha waya, wakanipa nta ya kubandika pale chuma kinapochubua shavu, wakaniambia, "Epuka vitu vigumu, safisha vizuri." Halafu wakaita jina linalofuata. Hiyo "vizuri" hakuna aliyenieleza ni vipi na ni mara ngapi. Nikaenda nyumbani nikaendelea na mara mbili zangu.

Wiki za uji na ndizi za kuponda naziruka, kila aliyefungwa anazijua.

Mwezi wa tano tangu nifungwe, fizi za juu zilivimba mpaka zikaanza kupanda juu ya vyuma. Nikitema, ni damu. Nilipokaa kwenye kiti, daktari akanitazama mdomoni, kisha akasema kwa sauti, mlango uko wazi na watu wamejaa kwenye benchi nje: "Wewe dada, mswaki unaujua kweli?" Nilishuka ngazi nalia. Nimelelewa na bibi yule, halafu naambiwa siujui mswaki. Mpaka leo nikipita mtaa ule kifua kinabana. Mgonjwa anayelipa, anayekuja kila mwezi bila kukosa, anastahili kufundishwa kabla ya kuaibishwa.

Nikahama. Huko nilikohamia nilimkuta daktari wa kike, mama mtu mzima, mpole. Hakuniuliza kama napiga mswaki. Alinipaka dawa ya rangi kwenye meno, akaniambia nisukutue, akanipa kioo. Sura niliyoiona siwezi kuisahau. Pembeni ya kila kipande cha chuma, chini ya waya, kwenye mstari unaokutana na ufizi, kote kulikuwa na rangi ya zambarau. "Hapo penye rangi pana ukoga," akasema. Na mimi nilikuwa nimepiga mswaki asubuhi ile ile, saa mbili tu kabla.

Akanieleza kwa lugha nyepesi. Ukoga ni utando wa vijidudu hai. Ukila sukari au wanga, nao wanakula, kisha wanatoa asidi, na asidi ile inanyonya madini kwenye gamba gumu la jino. Kabla jino halijatoboka huanza doa jeupe. Jino la kawaida linasuguliwa na ulimi, shavu na mate mchana kutwa, lakini lenye chuma lina vichochoro ambavyo chakula kinajificha na ulimi haufiki. Ndiyo maana doa linaweza kuonekana ndani ya mwezi mmoja kwa mtu asiyesafisha inavyotakiwa. Mara mbili ni kipimo cha mtu asiye na vyuma. Mwenye vyuma, akasema, anahesabu milo. Kila ukila unasafisha, na mara ya usiku ndiyo usiyoikosa hata ukiwa umechoka vipi, kwa sababu ukilala mate yanapungua na hakuna kinachokusafishia.

Basi nikaanza upya. Nilinunua kipochi kidogo, nikaweka mswaki wa kukunja, dawa ya meno, kile kiburashi chembamba kinachopita chini ya waya, kioo na chupa ya maji, maana maji ya ofisini hayatabiriki. Chai ya asubuhi, mswaki. Chapati ya saa nne, mswaki. Mchana wali, maharage na mchicha kwa mama ntilie (na anayevaa vyuma anajua mchicha unavyojisokota kwenye waya), mswaki. Usiku, mswaki wa dakika tano kamili.

Wenzangu ofisini walinicheka. Mmoja akaniita bibi harusi, kwa kuwa muda wote niko kwenye kioo. Iliniuma. Lakini nilikuwa nimeshalia kwenye ngazi za kliniki, na hakuna kicheko cha ofisini kinachouma kama aibu ile. Niliendelea, na wiki ya tatu damu ikakoma.

Unapigaje? Mswaki uwe laini. Ulaze kidogo uanze juu ya chuma, pale ufizi unapokutana na jino, kisha uugeuze upige chini ya chuma, kisha chuma chenyewe, jino moja moja, usikimbie. Kiburashi kipite chini ya waya kati ya kila vipande viwili. Dawa ya meno iwe na floridi, madini yanayoimarisha gamba la jino. Kwenye boksi tafuta namba ya kipimo cha floridi (ppm), mtu mzima atumie kati ya 1000 na 1500, mimi natumia 1450. Ukimaliza tema, usisukutue kwa maji mengi, iache floridi ifanye kazi. Ukinywa soda au juisi ya ukwaju, sukutua kwa maji, subiri kama nusu saa ndipo upige mswaki, kwa sababu asidi inakuwa imelainisha gamba la jino. Na chupa moja ya soda inayonywewa kidogo kidogo kuanzia saa sita hadi saa kumi ni mbaya kuliko ile ile iliyonywewa na chakula ikaisha. Ukikosa kabisa nafasi ya mswaki mchana, sukutua kwa nguvu, lakini usijidanganye kwamba umesafisha.

Kijiti cha bibi nilikijaribu, kwa mapenzi tu. Kwa meno yenye vyuma hakifiki chini ya waya, na ukikisukuma kwa nguvu unaweza kung'oa kipande. Nilimwambia bibi nitakirudia nikifunguliwa.

Ramadhani ndiyo iliyonipima. Tende zinanata kwenye vyuma kama gundi, na kaimati ni sukari juu ya sukari. Nilikuwa nafuturu, naswali Magharibi, nakula, kisha nasafisha. Kazi ilikuwa ni daku. Unaamka saa kumi alfajiri, macho hayafunguki, unakula, unataka kurudi kulala. Ukilala na daku mdomoni umebaki nayo mpaka jioni, kwa sababu wengi wetu pwani tumefundishwa kuwa mswaki baada ya adhuhuri ukiwa umefunga ni makuruhu, yaani haupendezi, na mchana hata kusukutua unaogopa maji yasipite. Nikawa naamka robo saa mapema kwa ajili ya mswaki tu. Siku 30, sikukosa moja. Naisema kwa fahari na sioni aibu.

Meno ya chini nilifungwa huko huko kliniki ya pili, mwezi wa sita wa matibabu, baada ya kuwa nimeshafundishwa. Jumanne ilipofunguliwa safu ya chini, nilimsikia daktari akimwita msaidizi wake aje aone. Hakuna alama hata moja. Kinywa ni kimoja na mchicha ni ule ule. Daktari alinikumbusha kuwa meno ya mbele ya chini yanaoga mate zaidi kuliko ya juu, kwa hiyo sifa zote si za mswaki. Sawa, nakubali. Lakini nilikuwapo usiku zile dakika tano zilipokuwa zinapigwa, na najua zilifanya nini.

Wadogo zangu mnaojiandaa kufungwa vyuma, nawaomba. Mnadunduliza mamilioni ili mcheke bila kuziba mdomo kwa kiganja. Tunaotaka tabasamu hilo tunaujua uchungu wa kulikosa. Msilipe fedha zote hizo mkapata meno yaliyonyooka yenye madoa. Siku ya kufungwa muulizeni daktari: nipige mara ngapi, nionyeshe hapa hapa kwenye kioo. Akikasirika, tafuteni mwingine. Na kila mkila, msafishe. Mkiwa ofisini, msafishe. Mkiwa harusini, tokeni nje na chupa ya maji, msafishe. Watakaocheka hawatawalipia gharama ya kuziba jino.

Madoa yangu daktari amesema tusiyaguse sasa. Mate na floridi vinaweza kuyafifisha kidogo miezi ikipita, na tutaonana baada ya miezi sita kuamua. Usiku navaa kifaa cha kushikilia meno yasirudi yalikotoka, nacho kinataka kusafishwa kila siku.

Yule msichana wa Dodoma nilimjibu usiku ule ule, kwa urefu kama nilivyoandika hapa. Asubuhi akanitumia picha ya kipochi chake kipya. Nimemwandikia tena: "Hongera, ila huo mswaki ni mgumu, nauona hapo kwenye boksi. Rudi dukani, chukua ulioandikwa laini."