Mnara wa simu nyuma ya nyumba na kichwa kisichoacha kuuma

Pole dada. Unasema tangu mnara uwashwe nyuma ya nyumba yako kichwa kinauma na usingizi hauji. Maumivu hayo hujayatunga. Ila kwenye majaribio ambayo watu hawakuambiwa kama mawimbi yamewashwa au yamezimwa, wanaolalamika hivyo walishindwa kutofautisha.

Mimi ningeanza na jenereta la mnara, kama lipo. Ngurumo usiku kucha na moshi wa dizeli vinatosha kabisa kuumiza kichwa, na hilo ni la kupeleka NEMC, baraza la taifa la mazingira. Mionzi yenyewe, waandikie TAEC (Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania) waje wapime. Stika za “kuzuia mionzi”? Okoa hela yako.

Presha na macho pima wiki hii. Ukianza kuona ukungu au kutapika, nenda hospitali siku hiyohiyo.