Kumkubali Lissu na kumwamini na Ikulu

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini hapa Mbeya wapo wanaomshangilia Tundu Lissu lakini husita wakiulizwa kama ataweza kuongoza nchi. Nionavyo mimi, ujasiri wake haubishaniwi. Kinachowatia shaka ni kwamba, ingawa amekuwa mbunge, rais wa chama cha mawakili na, tangu Januari 2025, mwenyekiti wa CHADEMA, hajawahi kushika wizara. Hoja hiyo naiona dhaifu (mpinzani atapewa wizara na nani?), maana kipimo cha karibu tunacho: halmashauri za Mbeya Jiji na Iringa Manispaa, ambazo chama chake kiliziongoza baada ya uchaguzi wa 2015. Muulize muuza viazi wa Mwanjelwa; atakujibu kwa ushuru na mitaro ya soko kabla hajagusa hotuba yoyote.