Nakala sita si matundu sita

SWALI: Nafundisha uchoraji wa mashine kwa kompyuta hapa Morogoro, tunatumia FreeCAD. Naandika mwongozo wa Kiswahili na nimekwama kwenye amri za kurudia umbo: unachora tundu moja la bolti kwenye flanji (ile sahani ya chuma ya kuungia mabomba), kisha programu inakupangia mengine kulizunguka bomba. Nimeandika hivi: "Chagua shimo, kisha nakili mara 6 kwa duara." Mwenzangu mmoja anasema niandike "rudufu", mwingine ameng'ang'ania "ruwaza". Lipi sahihi?

JIBU: Mwalimu, wenzako wote wawili wana hoja, nitawafikia. Ila sentensi yako ina jambo zito kuliko hilo mnalobishania, nalo ni hiyo "mara 6".

Ukimtuma kijana steshenari akatoe nakala 5 za cheti chako, atarudi na karatasi ngapi? Sita: cheti chenyewe na nakala zake 5. Katika Kiswahili nakala haihesabiwi pamoja na kile ilichotokana nacho, na hakuna aliyetufundisha hivyo darasani, tumekua nayo tu. Sasa rudi kwenye kompyuta. Kisanduku cha idadi ukikijaza 6, FreeCAD inakupa matundu 6 kwa jumla, lile ulilochora kwa mkono wako likiwemo. Mwanafunzi mwenye Kiswahili kizuri akisoma "nakili", atatoa moja: anataka matundu 6, anaandika 5. Flanji yake itatoka na matundu 5 yaliyoachana kwa digrii 72 badala ya 60, na bolti hazitaingia kwenye flanji ya mwenzake. Kijana atapewa sifuri, ilhali kosa limo kwenye mwongozo. Andika "jumla 6", au "matundu yawe 6 kwa jumla", uone kama kuna atakayekosea.

Tatizo hilo lina ndugu yake kwenye matundu ya mstari ulionyooka. Matundu 6 yanayoachana kwa milimita 20 yanakwenda milimita 100 kutoka la kwanza hadi la mwisho, wala si 120. Programu nyingine zitauliza urefu wote, nyingine zitauliza hatua moja, na wewe ukiandika "nafasi" peke yake humsaidii mtu. Hapa wakulima wametutangulia. Bwana shamba hasemi "nafasi ya mahindi ni 75 kwa 30" akaishia hapo. Anasema sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na 30 kati ya shina na shina. Muundo huo wa "kati ya tundu na tundu" uchukue kama ulivyo. Tena shamba la mahindi lenyewe ndiyo picha nzuri ya amri hiyo ikitumika kwa pande mbili, na hapo Morogoro huna haja ya kwenda mbali kuwaonyesha.

Tuje kwa maneno yenyewe. "Nakili" tumelitoa kwenye Kiarabu, ambako shina lake lina maana ya kuhamisha kitu kutoka hapa kwenda pale. Kwetu limebeba maana ya kutoa kitu kingine kinachofanana na cha kwanza, na kikishatoka, kila kimoja kina maisha yake. Ukichana cheti, nakala zake hazichaniki. "Rudufu", ambalo wengine hulitamka "durufu", ni neno la wingi na la mashine: mitihani hurudufiwa. Nalo pia halisemi lolote kuhusu uhusiano unaobaki baada ya kazi kwisha.

Na uhusiano huo ndio roho ya programu hizi. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa chuo cha MIT huko Marekani, alitengeneza Sketchpad, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, ambamo mchoro mmoja ulikuwa mkuu na mingine mingi ikaufuata: ukiubadilisha mkuu, yote inabadilika. Programu ya Pro/ENGINEER ilipotoka mwaka 1988 ikawaletea wahandisi viwandani uchoraji wa vipimo vinavyotegemeana. Ndiyo maana leo mwanafunzi wako akipanua tundu la kwanza kutoka milimita 10 hadi 12, mengine matano yanapanuka bila kuguswa. Cheti hakifanyi hivyo.

Kwa hiyo hapo namuunga mkono mwenzako wa "ruwaza". Wanaisimu wamelizoea neno hili, husema ruwaza ya irabu au ruwaza ya toni, wakimaanisha mpangilio unaojirudia kwa kanuni. Kanuni ndiyo tunayoitaka. Lile tundu la kwanza liite "tundu mama", kama tunavyosema sheria mama na kampuni mama. Kila mtu ataelewa kuwa mengine yanamtazama yeye. Kuhusu kitenzi, kuna watakaokushawishi uandike "kuruwazisha". Njia hiyo ipo, imetupa taifisha kutoka taifa na lazimisha kutoka lazima, lakini hili masikio yangu yanalikataa. "Panga kwa ruwaza" inatosha.

"Nakili" usilitupe, lina kazi yake. Programu kadhaa hukuruhusu kunakili umbo, kisha hukuuliza: nakala ifuate vipimo vya mama yake au ijitegemee? Maneno ya kujibia tunayo tangu sekondari, kwenye somo la sarufi. Kuna kishazi tegemezi na kishazi huru, basi na iwe nakala tegemezi na nakala huru. Mwanafunzi aliyechukia vishazi atajua hatimaye vilikuwa na faida gani.

"Kwa duara" nayo ningeibadilisha. Duara ni umbo, na ruwaza yako inaweza kuishia digrii 180, matundu yakakaa kama mwezi nusu. Kinachofanyika ni kitu kuzungushwa kwenye mhimili, basi sema ruwaza ya mzunguko. Amri ya kioo mwongozo wako utaifikia tu, kwa hiyo niiseme mapema: hiyo ni "akisi", usiichanganye na nakala. Nakala ya ndara ya kulia ni ndara nyingine ya kulia, huwezi kuondoka nazo. Akisi yake ni ya kushoto.

Bado "shimo". Shimo ni la kuchimbwa, lina chini yake: shimo la choo, shimo la taka. Kinachopenya upande hadi upande, na kikawa kidogo, ni tundu: tundu la sindano, tundu la pua, tundu la ufunguo. Karakana nyingi mafundi husema tobo, na mimi sioni ubaya, maana kazi yenyewe ni kutoboa. Ila kisima kidogo kwenye chuma, kisichotokea upande wa pili, hicho kiite shimo kwa raha zako. Tofauti hiyo utaihitaji ukifika kwenye kisanduku cha kina.

Sentensi yako mimi ningeiandika hivi: "Chagua tundu mama, kisha lipange kwa ruwaza ya mzunguko, jumla matundu 6, digrii 60 kati ya tundu na tundu."

Kama kazi ina flanji mbili, kila moja na matundu yake, Kiswahili kinakuruhusu kurudia namba: "toboa matundu sita sita". Acha nafasi katikati, tafadhali. Nimewahi kusahihisha mwongozo wa fundi mmoja ulioandikwa "ukifika kwenye flanji, sitasita", na sijui hadi leo ni wangapi waliosimama na drili mkononi wakisubiri.